Mwaka wa kuvuka milioni 100: hesabu ya kodi ya karakana ya samani Keko

Karakana tunayoichambua hapa ni ya mfano, na tarakimu zake zimepangwa ili hesabu ionekane vizuri. Sheria, viwango na tarehe ni vya Tanzania Bara kwa mwaka wa mapato 2024. Tumeiweka Keko, Dar es Salaam, kwa sababu anayejua biashara ya samani nchini hahitaji kuelezwa Keko ni wapi wala kazi yake inaendaje: mbao zinaingia asubuhi, randa inalia mchana kutwa, makochi na vitanda vinapangwa kando ya barabara, na fedha inaingia kidogo kidogo kwa lipa namba.

Mwenye karakana ni mtu binafsi mwenye TIN (namba ya mlipakodi) yake. Hana kampuni. Mwaka 2023 aliuza milioni 94, akalipa kodi ya makadirio kama kawaida: 3.5% ya mauzo ghafi, yaani 3,290,000. Machi 2024 alikadiria kuuza milioni 96 na kupangiwa 3,360,000, ambazo alizilipa kwa awamu nne za 840,000 mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mpaka hapo hakukuwa na tatizo.

Oktoba ikaja zabuni ya madawati ya shule za halmashauri, milioni 14. Kufikia Desemba 31 mauzo ya mwaka yalikuwa 128,400,000.

Kilichobadilika siku mauzo yalipopita milioni 100

Kodi ya makadirio inamhusu mfanyabiashara mkazi ambaye ni mtu binafsi na ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100. Akizidisha, mwaka huo anahesabiwa kwa faida. Anatakiwa kuwa na hesabu kamili, na ritani ya mapato iwe imewasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Kwa mwaka unaoishia Desemba 2024, mwisho ni Juni 30, 2025.

Wengi wanaogopa hatua hii, na hapo ndipo ushauri mbaya wa kijiweni unapoingia: "sajili nusu ya biashara kwa jina la mkeo", "usitoe risiti mwezi wa kumi na mbili". Karakana moja, pango moja, mafundi walewale na TIN mbili ni jambo ambalo afisa wa kodi analiona akiwa bado mlangoni. Na malipo ya halmashauri tayari yako Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa sababu halmashauri yenyewe imeyapeleka kwenye ritani yake ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji anaikata kabla ya kukulipa.

Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) haikuwa suala hapa. Kiwango cha kulazimika kujisajili kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kuanzia Julai 2023, na karakana hii haijafika huko. Ila kuna jambo dogo linalosahaulika: asiyesajiliwa VAT hadai chochote cha 18% anayolipia MDF na vanishi, kwa hiyo VAT hiyo ni sehemu ya gharama ya mali. Unaandika bei yote iliyo kwenye risiti. Tumeona madaftari ambamo mwenye biashara anaikata VAT kwenye manunuzi kwa kudhani haimhusu, na kumbe anajipunguzia gharama halali.

Rasimu ya kwanza

Hesabu aliyopelekewa mhasibu Februari 2025 ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mauzo 128,120,000. Manunuzi yenye risiti zinazosomeka 52,800,000. Mishahara 14,400,000. Pango 7,200,000. Marejesho ya mkopo wa benki 8,100,000. Umeme 4,320,000. Mafuta na matengenezo ya kirikuu 3,900,000. Leseni na ushuru wa huduma 600,000. Faida: 36,800,000.

Kodi ya mtu binafsi kwa mwaka inaanza baada ya 3,240,000. Kuanzia hapo hadi 6,240,000 ni 8%, kisha 20% hadi 9,120,000, kisha 25% hadi 12,000,000. Ukizidi milioni 12 unalipa 1,536,000 na 30% ya kile kilichozidi. Kwa faida ya 36,800,000 kodi ni 8,976,000. Kwa mtu aliyezoea kulipa milioni tatu na ushei, hiyo ni taarifa ya kumtoa jasho.

Lakini rasimu ile ina makosa ya pande zote mbili. Imedai visivyodaiwa, na imeacha vingi vinavyodaiwa. Ni vizuri kusafisha upande wa kwanza kabla ya kufurahia wa pili, maana afisa akikuta dai moja la uongo, hata yale ya kweli huanza kuyatazama kwa jicho jingine.

Vilivyopaswa kutoka

Marejesho ya mkopo ndilo kosa kubwa. Katika zile 8,100,000, riba ni 2,150,000 tu. Zilizobaki 5,950,000 ni kurudisha fedha za benki, na fedha uliyokopa haikuwa mapato ulipoipokea, kwa hiyo si gharama unapoirudisha. Mgawanyo huo haukisiwi. Benki inatoa taarifa ya mkopo inayoonyesha kila rejesho limegawanyika vipi kati ya riba na deni. Omba ya mwaka mzima, yenye muhuri.

Umeme: LUKU yote ilikuwa inanunuliwa kwenye simu moja, ya karakana na ya nyumbani. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwani kila ununuzi unabeba namba ya mita. Ukichambua taarifa ya simu kwa namba ya mita, karakana imetumia 3,360,000 na nyumba 960,000. Ya nyumbani inatoka.

Kirikuu kinabeba mbao na makochi siku sita na kupeleka familia kanisani siku ya saba, pamoja na safari za hapa na pale. Daftari la safari la miezi mitatu lilionyesha takriban 80% ni kazi. Basi mafuta na matengenezo yanayodaiwa ni 3,120,000. Mtu atauliza kwa nini asidai 100%, nani atajua. Stakabadhi za petroli za Jumapili mchana zinajua.

Na mauzo yenyewe yalikuwa pungufu kwa 280,000. Hilo lina faida ndani yake, tutalirudia.

Vilivyosahaulika

Tuanze na mali iliyokuwa stoo. Gharama ya bidhaa zilizouzwa si manunuzi ya mwaka peke yake. Ni mali uliyoanza nayo Januari 1, ukiongeza ulizonunua, ukiondoa iliyobaki Desemba 31. Aliyekuwa kwenye makadirio hana mazoea ya kuhesabu stoo kwa sababu haikuwa na maana kwenye kodi yake. Bahati hapa ni kwamba fundi mkuu alihesabu mbao na vitambaa mwisho wa Desemba 2023 kwa ajili ya kujua nini cha kuagiza, na karatasi ipo: 9,600,000 kwa bei ya kununulia. Risiti za Novemba na Desemba 2023 zilitafutwa na kuambatanishwa ili orodha isisimame peke yake. Hesabu ya Desemba 31, 2024 ni 11,200,000.

Angalizo kwenye kuhesabu: bei ni ya gharama, si ya kuuzia. Kochi lililokamilika linahesabiwa kwa mbao, sponji, kitambaa na ufundi uliolipwa, si kwa 850,000 iliyobandikwa mbele yake. Ukihesabu mali ya mwisho kwa bei ya kuuzia unajitoza kodi ya faida ambayo bado hujaipata.

Kisha risiti. Jumla ya manunuzi yaliyolipwa kwa simu na benki ilikuwa 66,300,000, lakini zilizosomeka zilikuwa za 52,800,000. Tofauti ya 13,500,000 inatisha, na TRA haitambui gharama isiyo na risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) pale muuzaji anapotakiwa kuwa nayo. Ilichambuliwa hivi.

Risiti za 5,900,000 zilikuwepo ila zimefifia. Karatasi ya EFD huandikwa kwa joto; ukiiweka juu ya dashibodi ya gari au karibu na taa, miezi michache tu inabaki nyeupe. Kwa bahati sehemu kubwa ilikuwa imepigwa picha kwenye simu, na msimbo wa uhakiki pamoja na saa ya mauzo vilisomeka. Ukiingiza msimbo huo kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti, risiti nzima inarudi, na unaweza kuichapisha. Zilirudi zote.

Za 3,100,000 zilipotea kabisa, lakini wauzaji walikuwa wawili wakubwa wenye mashine. Walipewa tarehe na kiasi kutoka kwenye taarifa ya M-Pesa, wakatoa nakala kutoka kwenye kumbukumbu zao. Tahadhari: nakala ya mauzo ya wakati ule ni kitu kimoja, kumwomba muuzaji atoe risiti mpya leo kwa mauzo ya mwaka jana ni kitu kingine kabisa, na si jambo la kufanya.

Zilizobaki, 4,500,000, hazina dawa. Ni mbao za bei nafuu kutoka kwa wauzaji waliosema "bila risiti nakupunguzia".

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo mfanyabiashara anayevuka milioni 100 analichelewa kulielewa. Alipokuwa kwenye makadirio ya 3.5%, lile punguzo lilikuwa faida tupu: kodi inapigwa kwenye mauzo, risiti ya mbao haiibadilishi hata kwa shilingi. Tuseme punguzo lilikuwa 6%. Kwenye mbao za 4,500,000 ameokoa kama 287,000. Mwaka 2024, kwa kuwa faida yake iko juu ya milioni 12, kila shilingi ya gharama inayokataliwa inalipiwa kodi 30%. Gharama ya 4,500,000 iliyokosa risiti imemletea kodi ya 1,350,000. Tabia ileile, duka lilelile, mbao zilezile, ila ameokoa laki tatu kasoro na kulipa milioni moja na laki tatu unusu.

Na risiti iwe na jina na TIN ya mnunuzi. Risiti ya "mteja" asiye na TIN haionyeshi ni nani aliyenunua.

Watu

Mafundi watatu wa kudumu wanalipwa 400,000 kila mmoja kwa mwezi. Rasimu iliandika mishahara 14,400,000 na kuishia hapo. Mchango wa mwajiri wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), 10%, ni 1,440,000 kwa mwaka, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF), 0.5%, ni 72,000. Vyote ni gharama. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya kila fundi: unatoa kwanza mchango wake wa NSSF wa 40,000, inabaki 360,000, iliyozidi 270,000 ni 90,000, na 8% yake ni 7,200. Hiyo inakatwa kwake, si gharama ya ziada ya karakana. Tozo ya ufundi stadi (SDL) haimhusu, maana inaanza kwa mwajiri wa watu 10.

Vibarua wa msasa, wa vanishi na wa kupakia walilipwa 9,600,000 kwa mwaka mzima. Rasimu haikuwataja kabisa kwa sababu "hawana risiti". Kibarua hatoi risiti ya EFD. Unachohitaji ni daftari la malipo: tarehe, jina kamili, namba ya kitambulisho, kazi aliyofanya, kiasi, sahihi au dole gumba, na malipo yenyewe yapite kwenye simu ili daftari na taarifa ya M-Pesa vishikane mkono. Daftari lilikuwepo kuanzia Aprili, lenye 7,800,000. Za Januari hadi Machi, 1,800,000, zililipwa taslimu bila maandishi na zimeachwa. Hakuna kibarua aliyefika 270,000 kwa mwezi, hivyo PAYE haikuwepo.

Mwenye karakana mwenyewe alikuwa anachukua 500,000 kila mwezi na kuita mshahara. Kwa mtu binafsi hilo ni matumizi yake kutoka kwenye faida. Halidaiwi. Wala ada za shule, michango ya harusi, faini, au kodi ya mapato yenyewe.

Pango, na kodi ambayo mwenye nyumba haitaki

Mkataba unasema mwenye nyumba apokee 600,000 kwa mwezi "baada ya kodi". Mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia 10% ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Kwa kuwa mkataba umeweka mzigo huo kwa mpangaji, pango halisi si 7,200,000 bali 8,000,000, ambapo 10% yake, 800,000, ni ya TRA na 7,200,000 ni ya mwenye nyumba. Gharama inayodaiwa ni 8,000,000.

Ila ile 800,000 haikuwahi kulipwa. Pango lililipwa Januari na Julai, miezi sita sita, kwa hiyo 400,000 ilidaiwa Februari na nyingine Agosti, zote pamoja na riba ya kuchelewa inayokua kila mwezi. Mpangaji asiyezuia anadaiwa yeye, si mwenye nyumba. Ushauri wa mhasibu ulikuwa kuilipa kwanza, kabla ritani haijawasilishwa, kwa sababu ritani inayodai pango la milioni nane bila zuio hata moja inaita ukaguzi kwa jina.

Uchakavu

Rasimu haikudai uchakavu, yaani kushuka thamani kwa vifaa, hata kidogo, na hiki ndicho kipengele ambacho mafundi wengi hukipoteza kwa sababu hakina risiti ya mwezi.

Kirikuu kilinunuliwa 2024 kwa 12,500,000. Magari madogo yako daraja la kwanza, 37.5% ya thamani iliyobaki kila mwaka. Sehemu ya biashara ni 80%, yaani 10,000,000, na uchakavu wake ni 3,750,000. Mashine mpya ya randa na msumeno wa mezani, 8,000,000, iko daraja la pili, 25%. Mashine ya zamani ilinunuliwa 2021 kwa 6,000,000. Ingawa miaka ya makadirio uchakavu haukudaiwa, njia ya tahadhari ni kuishusha kana kwamba umedaiwa: 4,500,000, kisha 3,375,000, kisha 2,531,250. Daraja la pili lina 10,531,250, na 25% yake ni 2,632,812. Sheria ina nafuu ya 50% mwaka wa kwanza kwa mitambo iliyofungwa kiwandani kwa uzalishaji. Mashine hii iko juu ya magurudumu kwenye kibanda cha mabati, na mhasibu hakuona sababu ya kugombana na TRA juu ya neno "kiwanda". Tunakubaliana naye.

Mashine mpya ya EFD iliyonunuliwa baada ya ya zamani kufa, 590,000, inadaiwa yote mwaka huohuo kwa asiyesajiliwa VAT.

Ile 280,000

Halmashauri ilipoingiza fedha za madawati, benki ilionyesha 13,720,000. Mwenye karakana aliandika hiyo kama mauzo. Taasisi za serikali huzuia 2% kwenye malipo ya bidhaa, na 2% ya milioni 14 ni 280,000. Mauzo yanaandikwa 14,000,000 kamili, na ile 280,000 inahesabiwa kama kodi ambayo tayari imelipwa, mradi upate cheti cha zuio kutoka kwa aliyelipa. Zingatia tofauti: gharama ya 280,000 ingepunguza kodi kwa 84,000, cheti cha 280,000 kinapunguza kodi kwa 280,000. Cheti kilifuatiliwa halmashauri kwa wiki tatu. Ilistahili.

Hesabu ya mwisho

Mauzo: 128,400,000
Gharama ya mali iliyouzwa (9,600,000 + 61,800,000 − 11,200,000): 60,200,000
Mishahara, NSSF na WCF: 15,912,000
Vibarua: 7,800,000
Pango: 8,000,000
Umeme: 3,360,000
Mafuta na matengenezo: 3,120,000
Riba ya mkopo: 2,150,000
Leseni na ushuru wa huduma: 600,000
Makato ya lipa namba na benki: 742,000
Uchakavu: 6,972,812
Faida inayotozwa kodi: 19,543,188

Makato ya lipa namba hayakuwa kwenye rasimu kwa sababu yanakatwa kimya kimya. Yalipatikana kwa kujumlisha safu moja ya taarifa ya mwaka. Kwenye ushuru wa huduma, 0.3% ya mauzo, yaani 385,200, ndiyo sehemu kubwa ya zile 600,000.

Kodi: 1,536,000 jumlisha 30% ya 7,543,188, ambayo ni 2,262,956. Jumla 3,798,956. Ondoa 3,360,000 za awamu nne na 280,000 za cheti. Kinachobaki kulipwa ni 158,956.

Kama makadirio yangeruhusiwa juu ya milioni 100, 3.5% ya mauzo haya ingekuwa 4,494,000. Kwa mauzo haya, hesabu ya faida inakuwa nzito kuliko 3.5% pale tu faida inapopita karibu 17% ya mauzo. Karakana hii iko 15%. Kwa maneno mengine, kilichomtisha mwenye karakana ni daftari lake, si kiwango cha kodi.

Kodi ya 8,976,000 haikupungua kwa ujanja. Imepungua kwa sababu karatasi zilitafutwa kwa miezi minne, na bado 4,500,000 za mbao na 1,800,000 za vibarua zimebaki nje. Kodi ya vitu hivyo viwili pekee ni 1,890,000.

Kwa mwaka 2025 makadirio ya Machi 31 yaliwekwa kodi ya 4,000,000, milioni moja kila awamu, ya kurekebishwa Septemba mauzo yakionekana. Pango la Januari lililipwa 3,600,000 kwa mwenye nyumba, na 400,000 ikaingia TRA Februari 5.